Miji Miwili Yenye Ujirani Mmoja

Tuelewane tangu mwanzo: Atupele Mwakibinga halali kwa uzembe. Analala kwa sababu yuko kwenye benchi la mbao nje ya chumba cha utetezi tangu asubuhi, amevaa koti la kuazima linalombana mabegani, na kila akiinuka kuuliza anaambiwa subiri kidogo dada, mtahini wa nje bado anakula. Bado anakula! Anakula nini mtu huyo, ng'ombe mzima? Tasnifu yake iko mapajani, nene, imejalidiwa vizuri, na ndani yake kuna kanuni moja iliyomla ujana. Kanuni yenyewe inahusu makundi, na kundi, kwa asiyejua, ni mji wa vitu vinavyojumlishika: unachukua kimoja, unaongeza kingine, unapata cha tatu ambacho nacho ni cha mjini humohumo; kuna sifuri, ambayo ukiiongeza haibadilishi kitu; na kila mwendo una mwendo wake wa kurudi. Makundi ya Atupele hayana mwisho, na ni ya Kiabeli, yaani hakuna kugombania nani atangulie nani afuate, jumla ni ileile. Halafu kuna topolojia, ambayo ni habari za ujirani basi, nani yuko karibu na nani. Atupele anadai hivi: nipe ujirani peke yake, usinionyeshe hata jumla moja, nami nitakwambia wenyeji wanajumlishana vipi. Chuo kimeshamwongezea muda mpaka kimechoka, safari hii wamemwambia wazi kwamba ni leo au basi, na mama yake kule Tukuyu kila akipiga simu anauliza, hivi mwanangu, mnasomea kujumlisha mpaka lini? Kuna ukurasa mmoja tu unaomkereketa, wa sura ya tatu, alipokwama wiki nzima akamwendea msimamizi wake, Profesa Rwezaura, na Profesa akapunga mkono kama anafukuza nzi, akasema usijisumbue na hiyo, hiyo ni dhahiri. Akaandika hivyohivyo, ni dhahiri kwamba, akaendelea na mstari unaofuata. Ndivyo wanavyofanya watu wa hesabu wakichoka. Sasa kichwa kinainama, kinainuka, kinainama tena, na mlango wa chumba unafunguka bila mtu kuushika, na Atupele anasimama, anasema hatimaye jamani, anavuka kizingiti.

Upande wa pili si chumba. Ni mji, mweupe, umekatwa mitaa miwili, na kati ya mitaa hiyo hakuna barabara wala daraja, kuna uwazi mtupu. Na kila mtaa umekatwa vimtaa viwili, na kila kimtaa viwili tena, na ukikazia macho unaona mkato ndani ya mkato, hauishi, mpaka macho yanauma. Mbele yake amesimama mlinzi, sare imepigwa pasi, viatu vinang'aa, kofia imekaa sawasawa, na chini ya kofia hakuna uso. Hakuna kabisa, ni ngozi tupu kama goti. Atupele anataka kusalimia lakini anakwama, kwa sababu umri wa mtu unausoma usoni, sasa huyu atamwambia shikamoo au atamwambia mambo? Anasema habari za hapa, salamu isiyo na hatari. Za hapa zipo kule, anajibu mlinzi. Haya, tumeanza, Atupele anawaza. Samahani, natafuta chumba cha utetezi, wananisubiri. Chumba chako ni sifuri. Sifuri ndiyo wapi? Ndiyo pale ambapo ukiongeza hujaenda. Kaka, au mzee, au vyovyote ulivyo, mimi nimeuliza chumba, nionyeshe kwa kidole tu, kushoto au kulia, na mimi nitakushukuru. Mlinzi anatazama vidole vyake kana kwamba ndiyo kwanza anaviona. Mji huu hauna kushoto, anasema, una hatua. Kila mgeni anapewa hatua moja, na hii ni yako, inua mguu. Atupele anainua mguu akiwa amekasirika, anautua, na hakuupitisha popote, uwazi hakuuvuka, lakini yuko mtaa wa pili kabisa, mbele ya nyumba yenye mlango wa bluu. Huku siko, anasema. Basi ongeza, anasema mlinzi, ambaye naye yupo hapohapo bila kutembea. Niongeze nini? Hiyohiyo. Anainua mguu, anatua, na huyu hapa amerudi kizingitini, na chumba cha utetezi kiko mbele yake, kina kibao chake, kina kitasa chake. Moyo unamtulia. Anaujua mji wa namna hii, ameandika kurasa juu yake: kila hatua ukiipiga mara mbili uko nyumbani, kila kitu ni kinyume chake chenyewe, kwenda na kurudi ni mguu uleule. Anashika kitasa, anasukuma. Kimefungwa.

Kikao kimehamia kwingine, anasema mlinzi. Atupele anafumba macho, anahesabu pumzi. Kimehamia lini? Ulipofika. Na kiko wapi? Mji pacha. Mlinzi anamwelekeza kwenye kioo kikubwa kilichosimama mwisho wa mtaa, ambacho sekunde moja iliyopita hakikuwepo, na ndani ya kioo kuna mji huuhuu, mitaa miwili, vimtaa viwiliviwili, nyumba kwa nyumba. Kila nyumba ya huku ina pacha wake kule, anasema mlinzi, na majirani wa huku ni majirani wa kule, kagua ukitaka. Atupele si mtu wa kuambiwa kagua akaacha. Anakagua. Anakwenda na kurudi mbele ya kioo, anashika nyumba moja anaangalia jirani zake, anaangalia jirani za pacha wake, anaingia kwenye mkato mdogo, na mdogo zaidi, na kila mahali ni sawa, waliokaribiana wamekaribiana, waliotengana wametengana, hakuna hata mmoja aliyeruka. Mpaka hapo anacheka, kicheko cha mtu aliyesumbuliwa bure siku nzima. Basi kazi imekwisha, anasema, kanuni yangu inasema ujirani ukiwa mmoja na jumla ni moja, huko nako ni mara mbili tu niko chumbani. Umesema wewe, anasema mlinzi. Nimethibitisha mimi! Umethibitisha wewe, anakubali mlinzi, kwa ile sauti ya kumkubalia mlevi ili apite. Atupele anaingia kiooni akiwa amekunja uso, na kioo kinamtua mbele ya mlango wa bluu, pacha wa ule wa mwanzo. Ameridhika. Toka mlango wa bluu ni hatua moja tu mpaka chumbani. Anainua mguu, anatua.

Siyo hapa. Mtaa ni wenyewe, anautambua, ni mtaa wa chumba, lakini yuko kimtaa kingine, mbele ya nyumba ya mtu anayeanika mashuka na asiye na uso wa kumwangalia nao. Labda nimekanyaga vibaya, Atupele anasema, na anainua tena, na hatua inamrusha mbali, mtaa ule mwingine. Anainua tena, anarudi mtaa wa chumba, safari hii karibu zaidi, anakiona kibao kwa mbali. Anainua tena, anatupwa tena. Hee! Mlinzi! Naam. Huu mji una matatizo gani? Mji hauna tatizo, mwenye tatizo ni nani? Atupele anakanyaga. Anakanyaga na kukanyaga, na kinachomkera si kupotea, mtu akipotea moja kwa moja anakaa chini akalia yakaisha. Kinachomkera ni kwamba kila akishakata tamaa, hatua inamtua karibu na chumba, karibu kuliko mara iliyopita, mpaka mara moja anatua dirishani kabisa, anawaona wote ndani, Profesa Rwezaura anatazama saa, meza imetandikwa kitambaa, kiti chake kitupu kimevutwa nyuma kumngojea, na anamsikia Profesa akisema huyu binti si mchelewaji, kuna jambo limempata, na Atupele anagonga kioo cha dirisha, Profesa, niko hapa, na ndani hakuna anayegeuka. Hatua moja tu, anajiambia, niko sentimita chache. Anainua mguu, na mguu unamtupa upande wa pili wa mji. Hapo anapiga kelele. Anapiga kelele ambazo mama yake angezisikia akasema huyo si mwanangu. Halafu anaanza upya, kwa sababu atafanyaje, na baada ya muda mrefu kuliko ule wa kwanza yuko dirishani tena, karibu zaidi, anaweza kusoma jina lake kwenye karatasi iliyo mezani, na hatua inayofuata inamfuta hapo.

Niambie ukweli, anamwambia mlinzi, sauti imekauka, nitafika lini? Mlinzi anakaa ukingoni mwa uwazi, miguu inaning'inia. Ni mwendo gani, anauliza, ambao ukiuzidisha unakukaribisha na haukufikishi? Hilo si jibu, Atupele anafoka, hilo ni swali! Mimi nimeuliza, wewe unaniuliza, basi tutaulizana mpaka kiama! Majibu ya hapa yanakuja hivyo, anasema mlinzi bila kukasirika, na kutokukasirika kwake kunamuudhi Atupele kuliko yote. Sikiliza, anasema, mimi siyo mjinga, miji hii ina ujirani mmoja, nimekagua mwenyewe, nyumba kwa nyumba, sasa kule mara mbili ilinirudisha, kwa nini huku hainirudishi? Kwa sababu kule walikubaliana hivyo na huku wamekubaliana vingine. Na ujirani je? Ujirani unajua nani amekaa na nani, anasema mlinzi, nani amekwambia unajua kujumlisha? Mifano yangu yote ilikubali, anasema Atupele, na anasikia mwenyewe jinsi sauti inavyotetereka. Yote kabisa? Yote. Ilikuwaje hiyo mifano, nionyeshe.

Na hapo mji unajikunja. Mikato inaanza kuzibika, nyumba zinayeyuka zinaingiliana, uwazi unajaa, na Atupele amesimama juu ya barabara moja laini inayozunguka na kujishika mkia, isiyo na mwanzo wala pengo, na mbele yake vioo vimejipanga, na katika kila kioo kuna barabara pacha. Anatembea. Hapa anatembea kwa miguu yake kama mtu, Mungu mkubwa. Anaingia kioo cha kwanza, anajumlisha, anapata ileile. Kioo cha pili, ileile. Barabara zinasokotana, mbili, tatu, nyingi, nazo zote zimeungana, zimejifunga, na popote anapoingia ujirani unawabana wenyeji wajumlishane kwa namna moja tu. Unaona! anamwambia mlinzi, na furaha inampanda kooni, unaona sasa, hapa kanuni yangu inasimama, hakuna cha kuitikisa! Hapa inasimama, anasema mlinzi. Kwa nini unasema hapa kwa sauti hiyo? Kwa sababu ulikuwa unachora wapi? Ubaoni, Atupele anajibu. Na chaki ulikuwa unaiinua? Atupele anataka kusema swali gani hilo la kipuuzi, lakini mkono wake wenyewe unamkumbusha, mkono wake unaozunguka ubaoni ofisini kwa Profesa, miaka yote, unachora duara, unachora ringi, unachora ringi iliyopita ndani ya ringi, mstari mmoja wa raha usiokatika, kwa sababu ndivyo chaki inavyopenda kwenda na ndivyo macho yanavyopenda kuona, na mji uliokatikakatika mpaka vumbi nani anaweza kuuchora? Hakuna. Basi hawakuuchora, yeye na Profesa wake. Waliuona huko ng'ambo ya ukurasa, wakachoka, wakaandika maneno mawili, wakapita. Ah, anasema Atupele. Anakaa chini palepale barabarani. Ah, jamani, jamani. Analia kidogo, kwa hasira zaidi kuliko kwa huzuni, na mlinzi anageuzia kando mahali ambapo uso wake ungekuwa, kwa heshima.

Anapoinua macho barabara imekatika tena, wako mji ule uliovunjika, mbali sana na chumba. Nitatokaje, anauliza, na safari hii haulizi kwa ukali. Kule ulikotoka kwenda na kurudi kulikuwa mguu mmoja, anasema mlinzi, ndiyo maana hukujifunza kurudi. Kwa hiyo nirudi kinyumenyume? Kiasi ulichokwenda. Hatua zote hizo? Alizipiga nani? Ungekuwa na uso ningekuzaba, Atupele anamwambia, na mlinzi anasema ndiyo maana. Basi anageuka mgongo, anashusha mguu nyuma, na ni kweli, hatua ya nyuma ipo, ilikuwepo muda wote, ni nzito, inauma kwenye nyonga, na kila anapotua anakuta nyumba aliyopitia akiwa na hakika na kanuni yake. Hapa ndipo aliposimama mbele ya wageni kwenye mkutano akapigiwa makofi, makofi anayarudisha. Hapa ndipo alipomwambia mama kwa simu nimeipata, mama, nimeipata, na mama akapiga vigelegele pasipo kujua kimepatikana nini, na vigelegele vile kuvirudisha ni kazi, anasimama hapo muda, anashika ukuta. Hapa ndipo Profesa alipomshika bega akasema mwanangu, hii kanuni ndiyo nitakayostaafu nayo. Anairudisha na hiyo. Anapita dirishani, karibu kabisa, na hajidanganyi, anapita. Anatupwa mbali, anarudi, anapita tena, safari hii kila dirisha liko mbali kuliko lile la kabla, na hilo halimtishi, kwa kuwa sasa anajua anakwenda wapi. Mwenye mashuka bado anaanika. Mlango wa bluu. Umebaki mguu mmoja, anaushusha, na mgongo wake unagusa mlango mwingine, na mlango una kitasa, na kitasa kinazunguka.

Dada. Dada, wewe, amka bwana, wanakuita. Ni mama wa mapokezi, amemshika bega, ana uso, uso mzima wenye jasho na wanja. Atupele anasema shikamoo bila kufikiri. Marahaba, tuliamkiana asubuhi, anasema mama wa mapokezi, haya ingia, mtahini keshamaliza kula. Atupele anaingia. Profesa Rwezaura yuko karibu na dirisha, Dakta Wambura, mtahini wa nje, yuko karibu na Profesa, anajichokonoa meno kwa kificho, chupa ya chai iko karibu na vikombe, kiti kitupu kiko karibu na ubao, na kila kitu kimekaa na mwenzake kama kinavyotakiwa, na hilo halimhakikishii chochote, ametoka kuona mji mzima uliokaa hivyo. Anabonyeza ukucha kwenye kiganja. Unauma. Lakini hata nyonga ilimuuma kule. Karibu, Atupele, anasema Profesa, na anatabasamu, na ni tabasamu la mzee anayetaka mambo yaende vizuri, kesho ofisi yake anakabidhi. Anza tu na kanuni ya sura ya tatu. Na kwa muda mfupi Atupele anaona jinsi ilivyo rahisi. Dakta ameshiba, jua ni kali, hakuna atakayefika ukurasa ule. Anaweza kusema maneno yale mawili kwa mdomo wake, taratibu, na jioni ampigie mama.

Kanuni ya sura ya tatu ni ya uongo, anasema. Kijiti cha Dakta Wambura kinasimama mdomoni. Kama ilivyoandikwa ni ya uongo, anaendelea Atupele. Iko miji miwili, samahani, yako makundi mawili, ujirani wake ni mmoja nukta kwa nukta, na katika moja kila kitu ukikijumlisha na chenyewe unarudi kwenye sifuri, na katika la pili ukianza kujumlisha hutarudi kwenye sifuri milele, unaikaribia tu, nami niliandika ni dhahiri mahali ambapo hapakuwa na udhahiri wowote. Feni inazunguka. Na ukiiondoa, anasema Dakta Wambura polepole, tasnifu yako inabaki na nini, binti? Inabaki na makundi yaliyoungana na kujifunga, Dakta, hayo kanuni inayashika, na hayo nitayatetea mpaka mnichoke, mengine nayarudisha. Profesa Rwezaura amevua miwani. Anaonekana mzee kuliko asubuhi. Anaangalia meza, anaangalia mikono yake, ule uliopunga siku ile na ule ambao haukupunga, na Atupele anatamani aseme chochote, amfokee, amfukuze, mradi aseme. Atupele, anasema Profesa mwishoni, kwa sauti ya chini, mimi ndiye niliyekwambia ni dhahiri. Sasa unasimama hapa mbele ya watu, siku kama hii, unasema hivyo. Niambie ukweli, wewe umeamka kweli?

Sijui, Profesa, anasema Atupele. Wallahi sijui. Lakini kama nimeamka ni ya uongo, na kama bado nimelala pale kwenye benchi ni ya uongo vilevile.